Vifungo vya shati

Nimetoka kazini sasa hivi, donge bado liko kooni.

Mnaonijua, huku Marekani nahudumia wazee majumbani. Babu ninayemwogesha na kumpikia kila asubuhi ameletewa barua: saa zake za huduma zinapunguzwa. Nimemsomea mara mbili.

Sababu ni bajeti ya jimbo. Serikali kuu hapa pesa zikipungua inakopa, lakini majimbo karibu yote yanabanwa na sheria yasawazishe hesabu zao. Mapato yakishuka, ni kuongeza kodi, kula akiba au kukata. Mwaka 2009 California iliishiwa hadi ikalipa watu kwa hati za ahadi!

Na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, inalazimisha jimbo kulipia makao ya wazee. Kumwogesha na kumvisha mtu nyumbani kwake, kwa sehemu kubwa, ni hiari. Basi mkasi unaanzia hapo. Inaniuma sana.

Nilipomaliza kusoma, babu akanizuia nisimvishe shati.

Akaanza kufunga vifungo mwenyewe. Vidole vinatetemeka. Vifungo sita, karibu dakika kumi. Cha tatu kikaingia tundu la nne, akafungua, akaanza upya.

"Najifunza," akaniambia.

Nikabaki nimesimama, mikono nimeificha nyuma nisije nikamsaidia.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii, kuna aliyewahi kumsaidia mzee wake kukata rufaa akarudishiwa saa? Mlianzia wapi? Niandikieni hapa, kesho asubuhi niko kwake tena.