Hadithi tatu, chukudu moja

Filamu ya hadithi nyingi huharibikia kwenye karatasi, kamera bado iko ndani ya begi. Mwandishi anachukua watu watatu, anawagonganisha kwa ajali, basi anaona senario, yaani maandishi ya filamu, imekwisha. Kukutana hakutoshi. Lazima mmoja aondoke na kitu cha mwenzake.

Amores perros ya Alejandro González Iñárritu (2000), senario ya Guillermo Arriaga, inaonyesha hilo vizuri. Magari yanagongana jijini Mexico. Octavio alikuwa anakimbia na mbwa wake aliyepigwa risasi. Valeria, mwanamitindo, anaumia mguu. El Chivo anayepita anamchukua yule mbwa na kumtibu. Mbwa anapopona, anawaua mbwa wote wa El Chivo. Ajali ni ya sekunde chache tu, ila hasara yake inahama nyumba hadi nyumba.

Sasa tuilete Goma. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya makala (mkaa) inateremka karibu na Rond-point Tchukudu, inamwangusha mama mwenye beseni ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anakwepa, anaanguka na mteja wake. Wote wanaokota haraka haraka, wanatukanana, wanaondoka. Jioni mama anasikia simu isiyo yake inalia chini ya samaki. Hapo hadithi ya tatu imeanza, tena bila mtu kueleza chochote.

Tukio hilo lipige siku moja, mara tatu mfululizo: kamera nyuma ya mwenye chukudu, kisha chini usawa wa beseni, mwisho begani kwa motari. Weka alama ya chaki pale magurudumu yanaposimama, na upige picha sambaza zilizomwagika kabla ya mtu kufagia. Ukipiga upande mmoja asubuhi na mwingine alasiri, vivuli vinageuka, na montaji, kazi ya kuunganisha picha, haitakuokoa. Mvua ikinyesha, acheni kazi: udongo wa lava ukilowa unakuwa mweusi zaidi, nao haurudi rangi yake papo hapo.

Honi ya moto (pikipiki) irekodiwe peke yake, mbali na upepo wa ziwa. Honi ile ile, ikisikika kwa mbali katika hadithi ya mama na kwa karibu katika ya motari, inamwambia mtazamaji kwamba saa ni moja. Maandishi ya “saa mbili kabla” ni uvivu, kwa maoni yangu.

Kabla ya montaji, kata karatasi za rangi tatu, kila onyesho karatasi yake, bandika ukutani. Rangi moja ikikosekana karatasi sita mfululizo, huyo mtu amesahaulika. Filamu ya dakika 20 haibebi zaidi ya njia tatu. Robert Altman alibeba wahusika 24 katika Nashville (1975), lakini alikuwa na dakika 160 hivi.

Na mgongano wenyewe usiurudie mzima. Mara ya kwanza tuupate kwa sauti tu na vumbi. Ya pili tuone beseni. Ya tatu anza katikati, kwa kuwa mtazamaji anajua tayari chukudu inatoka upande gani.