Umeme umekatika Rahaleo, na samaki wangu wako kwenye friza

Saa 11 alfajiri. Adhana ndiyo iliyoniamsha, maana simu ilizima usiku katikati ya upepo. Mvua imekata, mapaa bado yanadondosha. Kila asubuhi sikio langu huenda kwanza kwenye mngurumo wa friza mbili zilizo chumba cha mbele. Leo kimya. Nauza samaki na barafu hapa Lindi mjini, kwa hiyo umeme ukikatika, kwangu ni mtaji ndio unaoyumba.

Nagusa kamba nilizozifungia friza jana upepo ulipoanza kubadilika. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48. Iliyo nusu, kama saa 24. Moja yangu imejaa vibua hadi mfuniko. Ya pili ina changu, pweza kidogo na vipakti vya barafu, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Naziongezea blanketi. Watoto nimewaonya: atakayefungua kulamba barafu tutajuana.

Saa 12 na nusu. Mwarobaini wa njia panda umeiangukia nguzo, na waya umelala kwenye dimbwi. Vijana wawili tayari wana panga, wanataka kukata matawi ya kuni. Jirani yangu fundi seremala amewawahi, anaburuta mabenchi ya karakana kuziba njia.

"Kaka fundi, umeme si umekatika?"

"Huo waya ndio umekwambia?"

Yuko sahihi. Laini inaweza kurudishwa kwa majaribio wakati wowote, na mtu akichomeka jenereta vibaya nyumbani kwake, umeme wake unatoka kurudi kwenye waya za mtaani. Mwenyekiti wa mtaa akapewa simu yenye chaji ili atoe taarifa, nasi tukagawana zamu ya kulinda mabenchi. Mzee mmoja akaanza habari za kimbunga cha mwaka 1952 kilichoipiga Lindi hii hii. Zamani vijana walikuwa wakimcheka. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo, wanamsogelea kusikiliza.

Saa 2. Mjukuu wa Bibi wa nyumba ya kona kaja mbio na mfuko wa plastiki. Ndani mna chupa za insulini. Friji yao imekuwa ya moto, Bibi kasema ziwekwe kwangu kwenye baridi. Nikamshika mkono tukarudi wote.

"Shikamoo Bibi. Kwangu hapana. Dawa hii ikiganda ni ya kutupa."

"Marahaba mwanangu. Sasa niiweke wapi?"

Kwa bahati mtaani tuna muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, alisema, inakaa nje ya friji kama wiki nne ili mradi isipigwe joto wala jua. Zisizofunguliwa ndizo zinazodai baridi ya friji. Basi tukatengeneza mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, mchanga ukaloweshwa maji, juu kitambaa kibichi, vyote vikawekwa kivulini penye upepo. Maji yakikauka hupoza chungu cha ndani. Chupa iliyofunguliwa ikaingia humo ikiwa imefungwa kwenye nailoni. Muuguzi akatahadharisha kwamba hewa ya baada ya mvua ni nzito, maji hayakauki upesi, tusiutegemee mtungi kupita kiasi. Zile ambazo hazijafunguliwa akazibeba mwenyewe hadi duka la dawa lenye jenereta, jina la Bibi likiwa limeandikwa juu ya mfuko.

Saa 4. Ugomvi wa sola. Kijana wa nyumba ya bati jekundu ana paneli moja na betri, anachaji simu kwa shilingi 500. Kuna dada alimjia juu: shida kama hii nawe unatoza? Mimi nilisimama upande wa kijana. Betri ni yake na ikifa hakuna atakayemchangia. Mawingu nayo yalikuwa yametanda, chaji inaingia kwa kusuasua. Tukakubaliana hivi: ya mwenyekiti, ya muuguzi na ya mjamzito wa nyumba ya pili, bure. Viswaswadu vitangulie, havina ulaji. Simu kubwa za kuangalizia video zisubiri jua.

Kuanzia saa 6 sikukaa tena. Nilifungua ile friza ya nusu, mara moja tu. Changu wa juu walikuwa wameanza kulegea lakini bado wana chembe za barafu tumboni, pweza mgumu. Ukingoja mpaka jioni unaanza kunusa nusa, na mimi samaki wa kunusa simuuzii mtu. Tukakaange. Mkaa wote ulikuwa umelowa, fundi akatoa vipande vya mbao na maranda. Mwenye duka akanikopesha mafuta. Karai likatoka kwa mama anayekodisha vyombo vya harusi, lile kubwa, moto ukalamba mbao, mafuta yakaanza kupiga kelele, na harufu ikafanya kazi ambayo hakuna matangazo yangeiweza. Niliuza chini ya bei ya kawaida. Wasio na hela mkononi waliandikwa daftarini. Bure sikutoa, ila kwa wale wa zamu ya mabenchi. Mtu akilipa hata kidogo, kesho haoni haya kunigongea.

Saa 10. Gari la mafundi wa umeme limefika. Mkoa wetu una gesi ya Songo Songo, iliyoanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na jirani zetu wa Mtwara wana ya Mnazi Bay. Gesi yote hiyo, na bado tunasubiri nguzo moja ya mbao isimamishwe. Tulicheka kidogo, kisha vijana wakaenda kuwasaidia kuburuta mwarobaini.

Baada ya Magharibi umeme ukarudi upande wa pili wa barabara. Upande wangu giza. Fundi hakungoja niombe.

"Shemeji, leta vibua kwangu. Ila tungoje kidogo kwanza, usije ukaruka tena ukaunguza mashine."

Ulipotulia, vijana wanne wakainyanyua friza nzima, blanketi juu, wakavuka barabara polepole. Mpita njia akavua kofia akatupa pole.

Saa 4 usiku. Nimepiga hesabu: mafuta ya dukani nimelipa, karai limeoshwa limerudi, daftari lina majina mengi kuliko siku ya sikukuu. Mchuuzi wangu wa Kitunda nimemwambia kesho asiniwekee mzigo mpaka vibua vipungue.