Nimelala miaka mitatu juu ya radoni

Miaka yangu mitatu ya mwanzo hapa Marekani nililala besimenti, chumba cha chini ya ardhi, kwa sababu wageni hupanga panapo nafuu. Hakuna aliyenitajia radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini. Mpaka mwenye nyumba alipotaka kuuza, mnunuzi akashikilia: ipimwe kwanza.

Kumbe madini ya urani yaliyo udongoni, yakivunjika taratibu, ndiyo huzaa gesi hii. Haina harufu wala rangi. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba. Nje hupotelea hewani, ndani hujikusanya. Kipindi cha baridi ndicho kibaya zaidi: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, nayo nyumba inafyonza ya ardhini. Na mimi niliyekuwa nikiziba dirisha kwa matambara, nikijiona mjanja!

Kipimo chenyewe ni kikopo cha punje za mkaa zinazonasa radoni. Madirisha yafungwe muda wa saa 12 kabla ya kukifunua, yabaki hivyo mpaka mwisho. Kikae kama nusu mita juu ya sakafu, mbali na bafu na upepo. Siku ya pili nikaunguza sufuria, moshi ukajaa, nikafungua dirisha bila kufikiri. Tukaanza upya. Safari hii nilikaa nacho kama mtoto mchanga, nikaandika saa ya kukifunga, nikakimbiza posta siku hiyohiyo, maana radoni hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, ukichelewa, maabara haipati cha kuhesabu.

Jibu: pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 7.2 kwa lita ya hewa. Serikali hapa inashauri nyumba irekebishwe ikifika 4. Kitu hiki ni cha pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu, basi usingizi ulinipaa. Nikajipoza kwa kisa cha Stanley Watras wa Pennsylvania: mwaka 1984 alikuwa akiliza king'ora cha mionzi kila akipita kazini, kwenye kinu cha nyuklia ambacho kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi alitoka nayo nyumbani, ambako radoni ilikuwa takriban pikokyuri 2,700 kwa lita.

Mafundi walitoboa sakafu, wakashusha bomba na kufunga feni inayotoa hewa ya chini ya zege hadi juu ya paa. Tulipopima tena, 1.1.

Mnaolala besimenti, ulizeni idara ya afya ya jimbo lenu. Nyingi zina vipimo vya bure au vya bei ya chini. Na angalieni sufuria.