Kumsikiliza Mtoto Angani

Watu wengi wanapozungumzia safari ndefu ya ndege na watoto wadogo huanza na kelele. Huuliza mtoto atalia kwa muda gani, abiria wengine watasemaje, na ni kitu gani kitakachomnyamazisha. Kwa jinsi nilivyozizoea safari hizi, nikiwa na mdogo anayenyonya mapajani na kaka yake ambaye hajui kutulia kitini, ninaona maswali hayo yameanzia mbali na mtoto mwenyewe. Mtoto wa miezi 8 hana habari na abiria. Yeye ana masikio yanayobana, tumbo lililojaa gesi, midomo iliyokauka, na usingizi uliokatizwa wakati mwili wake bado unaamini kwamba ni usiku wa manane. Kilio ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kutupasha habari za mambo hayo, na kazi yangu mimi mama yake ni kuzipokea habari hizo mapema iwezekanavyo, kabla sijafikiria lolote kuhusu watu walioketi nyuma yetu.

Ninapojiandaa kwa safari huanza kuifikiria hewa. Ndege za masafa marefu huruka kati ya futi 35,000 na 40,000, na ingawa hewa husukumwa ndani ili tuweze kupumua, shinikizo lake halifanani na lile la ufukweni. Ni kama mtu apandishwe juu ya mlima wenye kimo cha kati ya mita 1,800 na 2,400, akae huko muda wote wa safari. Katika kimo hicho gesi iliyofungiwa tumboni hutanuka kwa takriban robo hadi theluthi ya ujazo wake. Mtu mzima hulegeza mkanda wa suruali na kusahau, lakini kitoto kichanga hukunja miguu, huwa chekundu usoni na kupiga ukelele ambao mzazi asiyejua sababu yake anaweza kudhani ni njaa, akamwongezea maziwa na hewa nyingine juu ya ile iliyokwisha kumtesa. Ndiyo maana tukiwa angani humnyonyesha kidogo kidogo, mara nyingi, na kila mara humweka begani na kumcheulisha kwa subira hata kama amesinzia.

Masikio yanastahili maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo maumivu makali hutokea. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua, na kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi, ni mwembamba zaidi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo huziba kwa urahisi. Ndege inapopaa, hewa iliyomo sikioni hupata njia ya kutoka yenyewe bila taabu kubwa. Inaposhuka mambo hugeuka: shinikizo la nje huongezeka, kiwambo cha sikio husukumwa ndani, na mrija haufunguki mpaka misuli ya koo iuvute, jambo linalotokea mtu anapomeza au kupiga mwayo. Mtoto hajui kumeza mate kwa makusudi. Anajua kunyonya.

Kwa sababu hiyo mahesabu yangu ya kunyonyesha huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Ndege kubwa huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua, wakati mwingine mapema zaidi, na ninataka mwanangu awe na hamu ya kunyonya wakati huo, hivyo simshibishi katika saa moja inayotangulia. Injini zinapopunguza mvumo na pua ya ndege kuinama kidogo, humtazama mkono wake. Mwanangu huanza kwa kusugua sikio la kushoto kwa kiganja, kisha hulishika kwa vidole na kulivuta, na hapo huwa hajatoa hata sauti. Nikimpa ziwa wakati huo, huvuta mara tatu nne kwa pupa, hunyamaza akisikiliza, kisha huendelea kwa utulivu. Nikisubiri mpaka alie, pua hujaa kamasi, hukataa kushika ziwa, na maumivu yanayoweza kupunguzwa kwa funda chache hutuandama mpaka magurudumu yaguse ardhi. Akiwa amelala wakati wa kushuka, mimi humwamsha, kwa kuwa aliyelala humeza mara chache. Mtoto mwenye mafua makali au maambukizi ya sikio anapaswa kuonwa na daktari kabla ya siku ya safari, na kama daktari ataona ni afadhali kusubiri, ninaona tiketi ibadilishwe hata kwa hasara.

Jambo lisilonipa raha hata sasa ni kiti. Kwa desturi ya mashirika mengi, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 husafiri mapajani, na katika safari za kimataifa nauli yake mara nyingi huwa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2, hata kama siku hiyo inaangukia kati ya kwenda na kurudi, lazima arudi na kiti chake. Kwa mfuko wa mzazi, mapaja ni nafuu kubwa. Kwa usalama, hali si hivyo, kwa sababu ndege ikitikiswa kwa nguvu au ikisimama ghafla hakuna mikono ya binadamu inayoweza kumzuia mtoto asirushwe.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege aina ya DC-10 iliyokuwa imepoteza mifumo yake yote ya haidroliki, yaani ile inayotumia shinikizo la mafuta kuiongoza ndege, ilijaribu kutua kwa dharura huko Sioux City, Iowa, nchini Marekani, ikavunjika uwanjani. Ndani yake walikuwamo watoto 4 wa mapajani, na kwa kufuata utaratibu wa wakati ule wazazi waliambiwa wawalaze sakafuni. Mmoja wao alifariki. Jan Brown, aliyekuwa kiongozi wa wahudumu katika ndege hiyo, alitumia miaka mingi baadaye kudai kwamba kila mtoto apewe kiti na kifungio kinachomfaa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inawahimiza sana wazazi kufanya hivyo lakini haijalazimisha, ikieleza kwamba gharama hiyo ingezisukuma familia nyingi kusafiri kwa magari, na barabarani hatari ni kubwa zaidi. Ninaielewa hoja hiyo na sioni kwamba ni ya hila. Hata hivyo hainipi faraja ninapomshika mwanangu gizani huku kabini nzima ikitikisika. Barani Ulaya mtoto wa mapajani hufungwa kwa mkanda wa ziada unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi, ilhali Marekani hairuhusu mkanda wa namna hiyo wakati wa kuruka na kutua. Mimi nimeamua kwamba katika safari ya masaa mengi, pesa ya kiti cha mtoto ndiyo ninayoitafuta kwanza, kabla ya pesa ya mizigo na kabla ya pesa ya hoteli.

Kile kitanda kidogo kinachofungwa kwenye ukuta mbele ya viti vya safu ya kwanza ni msaada mkubwa kwa mtoto mchanga, na huombwa mapema kwa sababu ni vichache na vina kikomo cha uzito. Mzazi afahamu tu kwamba taa ya mikanda ikiwaka, mtoto hutolewa humo na kurudi mikononi, hata kama amelala dakika chache tu zilizopita. Usiku wenye misukosuko ya hewa huwa mrefu kwelikweli. Pia familia yenye watoto wawili wa mapajani mara nyingi haikalishwi katika kundi moja la viti, na sababu yake ni barakoa za oksijeni: kila kundi la viti huwa na barakoa ya ziada kwa mtu mmoja tu. Nilipolijua hilo nilianza kuyasikiliza kwa makini yale maelezo ya usalama ambayo wengi huyapuuza, hasa agizo la mzazi kuvaa barakoa yake kwanza. Katika kimo kile, hewa ya kabini ikipotea, mtu mzima anaweza kubaki na fahamu za kutenda jambo kwa dakika moja au chini ya hapo, na mzazi aliyezimia hawezi kumvisha mtoto chochote.

Kuhusu maziwa nitasema machache. Kanuni ya mililita 100 kwa vimiminika vya mizigo ya mkononi, iliyoanza mwaka 2006, kwa kawaida haiwabani watoto, kwani maziwa ya mama, maziwa ya kopo na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kiasi kinachohitajika safarini, ili mradi mzazi ayatoe na kuyaonyesha kwenye ukaguzi. Wanaotumia maziwa ya unga wakumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, kisha yapozwe na kutumiwa ndani ya saa 2. Kupoza huchukua muda, na mtoto mwenye njaa hana muda, kwa hiyo maji huombwa kwa wahudumu mapema. Nami ninayenyonyesha ninahitaji maji ya kunywa kuliko kitu kingine, maana hewa ya kabini ni kavu sana. Unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20.

Wapo wanaoshauri kwamba mtoto apewe dawa ya mzio au ya mafua ili alale safari nzima. Hili ninalipinga kwa moyo wangu wote. Dawa hizo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo mahali ambapo hospitali iko masaa kadhaa mbali, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume chake kabisa: badala ya usingizi, wanachachamaa na kuhangaika kwa masaa. Dawa ya maumivu iliyoelekezwa na daktari kwa ajili ya ugonjwa ni jambo jingine. Kumlewesha mtoto mzima wa afya kwa sababu watu wazima wanataka kimya si matibabu, na sitaki kulifanya.

Mkubwa wangu ana mahitaji tofauti kabisa. Yeye masikio anayaweza, kwa sababu hupewa kitu cha kutafuna na kikombe cha mrija. Kinachomtesa ni kufungwa. Mtoto aliyejifunza kutembea juzijuzi huishi kwa miguu yake, na kumkalisha masaa 12 ni kumnyima kazi anayoipenda kuliko zote. Tukiwa uwanjani simkalishi hata kidogo. Tunatembea kutoka mwisho mmoja wa jengo hadi mwingine mpaka mlango unapokaribia kufungwa. Angani, taa ya mikanda inapozimwa, baba yake huenda naye polepole kwenye njia ya katikati hadi nyuma, wakirudi hukaa, na baada ya muda huenda tena. Vitu vya kuchezea tunavitoa kimoja kimoja. Ameweza kukaa karibu nusu saa akishughulika na kitasa cha meza ya kukunja, akikizungusha, akiiona meza ikianguka, akiirudisha kwa mikono miwili na kukizungusha tena, na uso wake ulikuwa na makini ya fundi wa saa. Sikumzuia. Nilichofanya ni kumwomba radhi mzee aliyeketi kiti cha mbele, ambaye mgongo wake ulikuwa ukipokea kila pigo.

Alikuwa mtu wa makamo ya babu yao. Aligeuka nusu, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Binti yangu, mimi ni mtu mzima, nikichoka nitakwambia. Wewe mwangalie mtoto."

"Nashukuru sana, Baba," nilimjibu, naye akageukia mbele akaendelea kusoma.

Maneno yale yalinipunguzia mzigo niliokuwa sijui kwamba ninaubeba. Mzazi anayeomba radhi kila dakika huwa amewapa wageni macho yake, na mtoto aliyeanza kuvuta sikio hana wa kumwona. Ninawaheshimu abiria wenzangu, ninasafisha tunapomwaga, ninamkataza mwanangu kupiga mateke kiti cha mtu, na ninasalimia majirani kabla ya ndege kuondoka, kwani salamu hulainisha mambo mengi. Zaidi ya hapo sina deni. Kile chumba ni cha watu wote waliokata tiketi, na mtoto ni mmoja wao.

Yanayofuata baada ya kutua hayaandikwi sana, nayo ni sehemu ya safari ileile. Mwili huhama taratibu, kwa makadirio ya siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kuelekea mashariki huwa kugumu kuliko kuelekea magharibi, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha. Mtoto aliyevuka saa 7 za tofauti ataamka usiku akiwa na njaa ya kweli, na humpa chakula bila kumlaumu, taa zikiwa hafifu na mazungumzo yakiwa machache. Asubuhi tunatoka nje, kwa sababu mwanga wa jua ndio unaouelekeza ubongo upya kuliko saa ya ukutani. Ninamwachia alale mchana lakini si kupita kiasi, na kwa siku za mwanzo sipangi mgeni wala matembezi. Mkubwa amezoea haraka safari hii. Mdogo bado anataka kucheza usiku wa manane, na zamu ya leo ni ya baba yake.