Kuizoea Pangani

Anayehamia Pangani kutoka Dar es Salaam, kama nilivyofanya mimi, hutangulia kuuona mto na kivuko kinachovusha watu kwenda Bweni, lakini jambo linalomchukua muda kulizoea ni salamu. Dukani huulizwi unataka nini kabla hujaulizwa umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, na yule mgonjwa wenu anaendeleaje. Nami niliyezoea kulipa na kuondoka sasa nayatengea mazungumzo hayo muda wake, kwa moyo mkunjufu. Vitabu na vipuri hunilazimu kufunga safari ya kilomita zipatazo 50 hadi Tanga. Samaki, hata hivyo, nawanunua wangali wakimeta, kwa mvuvi anayejua kwamba kwetu tunapenda changu, na ambaye huniwekea wawili bila kuagizwa.