Siku Niliyoigusa Fimbo

Nahodha alinipokea gatini saa 10 alfajiri, akatazama viatu vyangu kabla ya uso wangu. Vilikuwa na soli nyeusi. "Vua," akasema, "sitaki alama kwenye sitaha yangu." Ndivyo nilivyoingia kwenye mashindano yangu ya kwanza ya uvuvi wa bahari kuu: miguu mitupu, usingizi machoni, na nafasi ya mtu mwingine. Baharia wa pili wa chombo kile alikuwa ametegua kiwiko siku 4 kabla, na mimi ndiye mtu pekee waliyemfahamu ambaye hakuwa na kazi wiki ile wala hatapiki upesi. Hilo la pili lilikuja kuonekana si kweli.

Tulikuwa wanne. Nahodha juu, usukanini. Baharia mkuu, kijana mkimya mwenye viganja vigumu kama kamba ya nanga, ndiye bwana wa shetri, sehemu ya nyuma ya chombo. Mvuvi wetu, yaani yule anayekaa kitini samaki akishika, alikuwa mama wa miaka 60 na ushei, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Sote tulimwita Mama. Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu: kugeuza kiti. Kile kiti cha mapambano kimesimikwa katikati ya shetri juu ya nguzo inayozunguka, na mtu husimama nyuma yake, ashike mgongo wa kiti, akielekeze kule mshipi unakokwenda. Fimbo isipoelekeana na samaki, mvuvi huvutwa ubavu, na mshipi waweza kusagika kwenye ukingo wa chombo. Nikaiona ni kazi ya mtoto.

Usiku uliotangulia tulikuwa kwenye kikao cha manahodha, na kanuni zilisomwa zote. Zilikuwa za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939, ambalo ndilo hutunza rekodi za dunia. Nilisikiliza nusu nusu. Kanuni moja tu ilinikaa: tangu samaki anapouma mpaka anapopakiwa au kuachiliwa, hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kugusa fimbo, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) wala mshipi, ila wa mvuvi mwenyewe. Wenzake wanaweza kukigeuza kiti. Wanaweza kuishika lida, ule uzi mnene wa mwisho ulio karibu na ndoana, ikishafika chomboni. Basi.

Tuliondoka gizani, tukasafiri saa 2 kuelekea mahali ambapo sakafu ya bahari inakatika ghafla na kuzama. Nilitapika mara 2 kabla ya jua kuchomoza. Baharia mkuu alinipa maji na kunielekeza upande wa demani, kule upepo unakoelekea, bila neno, jambo ambalo nitamshukuru daima, maana upande wa goshini, unakotoka upepo, matapishi yangemrudia yeye.

Saa 1 kamili redio ikatangaza: shusheni mishipi. Vyombo vyote vikapunguza mwendo kwa pamoja, vikatawanyika. Tulikokota mishipi 5 kwa mwendo wa noti 8 hivi, yaani maili 8 za baharini kwa saa, miwili mirefu na miwili mifupi ikiwa imebanwa kwenye miti ya ubavuni ili isikutane, na mmoja mbali katikati. Kila mmoja ulikuwa na chambo bandia chenye sketi ya rangi, kinachopiga mbizi na kuibuka kikitoa mkia wa mapovu. Niliuliza kwa nini samaki wa bahari kuu asikimbie kishindo cha mashine 2 za dizeli. Mama akajibu kwamba wengine kishindo na povu huwaita, wakidhani ni kundi la samaki wadogo linashambuliwa. "Ukisikia watu wanagombana jirani, wewe hutoki kutazama?"

Siku ya kwanza ilitupa samaki wawili aina ya fulusi na kuchoka. Haina zaidi.

Siku ya pili, karibu na saa 5, nahodha aliona ndege. Hawakuwa wengi, wanne au watano, lakini walikuwa wakizunguka chini chini juu ya mstari ambapo maji ya samawati iliyokolea yalikutana na maji ya kijani. Akaufuata mstari ule kama mtu anayetembea kwenye tuta la shamba. Baharia mkuu akasimama. Mimi sikuona kitu. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kushoto, mfupi," na nyuma ya chambo kile nikaona kitu nilichodhani ni gogo, mpaka gogo lilipowaka. Ndivyo walivyo nduwaro, hawa wanaoitwa pia marlini wa buluu: akiwa na hamasa, ubavu wake hung'aa milia ya samawati kama umeme. Akapiga chambo kwa mdomo wake mrefu, akageuka, kibanio kikaachia mshipi kwa mlio wa kofi, na rili ikaanza kulia.

Kelele ile siwezi kuifananisha na kitu. Baharia akavuta ndani mishipi mingine 4 huku mimi nikikanyaga kila nilichopaswa kukiruka. Mama alikwisha kaa kitini, fimbo imepachikwa kwenye kikombe chake mbele ya kiti, mkanda mgongoni. Samaki akaruka mara 6, mbali sana, na kila alipoanguka maji yalipasuka kwanza, sauti ikafuata baadaye.

Hapo nikajifunza kitu ambacho sikukitegemea. Mshipi wetu ulikuwa wa daraja la kilo 37, na breki ya rili ilikuwa imewekwa karibu na kilo 12, theluthi moja ya uwezo wake. Samaki akazidi kwenda, nami nikangoja Mama aikaze. Akailegeza. Mshipi ukitoka mwingi, alinieleza baadaye, gurudumu la rili hupungua unene, na breki ileile inakuwa nzito zaidi; juu yake kuna uzito wa maji kwenye mamia ya mita za uzi. Anayekaza wakati huo anaukata mwenyewe. Nahodha naye akaanza kurudi kinyumenyume kumfuata samaki, mawimbi yakivunjikia shetrini mpaka magotini mwetu, na Mama akawa anakusanya uzi kila alipopewa nafasi: anainama, anazungusha, ananyooka, anainama.

Dakika 40. Dakika 45. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ya fedha za mtu mwingine.

Kisha nduwaro akafanya jambo la haraka. Alikuwa nyuma yetu kulia, karibu, akapita chini ya povu kuelekea kushoto. Nahodha akapiga kelele. Nami nilikuwa nimemkodolea samaki macho; nilitaka kumwona. Kiti nilikigeuza nikiwa nimechelewa, na nikaona mshipi unashuka kuelekea kona ya chombo, umekaza kama waya wa simu, umebaki kidole kimoja uguse ukingo. Mkono wangu wa kulia ukaondoka kwenye kiti, ukaisukuma fimbo kushoto, ukarudi. Labda nusu sekunde. Mshipi ukapita salama.

Hakuna aliyeona. Baharia mkuu alikuwa ameinama ukingoni na glovu zake akingoja lida. Kamera yetu ya ushahidi ilikuwa imeelekezwa majini. Mama alikuwa akitazama ncha ya fimbo, na kama aliuhisi mkono wangu hakusema.

Dakika chache baadaye lida ikatokeza. Baharia akaizungusha mkononi, zungusho moja, la pili, kazi ambayo imewahi kuwatosa mabaharia wengine baharini samaki anapotimka ghafla. Kwa kanuni za mashindano yale, mwenzako akiishika lida, samaki amehesabiwa kuwa amepatikana na anaachiliwa. Nilimwona kwa ukaribu: jicho kubwa kama kikombe, la samawati, linatutazama bila hofu. Ndoana ilikuwa kwenye pembe ya taya. Baharia akaichomoa, akamshika mdomo huku chombo kikisogea polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, mpaka alipopiga mkia na kuzama.

Walikumbatiana. Nahodha aliteremka kutoka juu, kitu ambacho sijamwona akikifanya tena, akambusu Mama kwenye paji la uso. Kwa samaki yule tungekuwa wa pili kati ya vyombo vyote.

Ningependa kuandika kwamba nilisema mara moja. Nilikaa kimya muda wa kukunja kamba mbili. Nilijiambia nusu sekunde si kitu, na kwamba samaki angekamatwa vilevile, na hili la mwisho ndilo lililonishinda, kwa sababu nilijua asingekamatwa. Mshipi ungekatika.

"Niliigusa fimbo," nikasema.

Nahodha akanitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza kama nina hakika. Akapanda ngazi, akachukua redio, akaita kamati, akataja jina la chombo na kusema: "Yule samaki wetu tumfute. Fimbo imeguswa na mtu wa pili." Kukawa kimya, kisha sauti ikajibu kwamba wamepokea. Baharia mkuu akaanza kuirudisha mishipi majini, mgongo wake umenielekea.

Mama alikuwa akifuta miwani. "Uliisukuma upande gani?"

"Kushoto."

"Basi ulichelewa kugeuza kiti." Akaivaa. "Ukimwona samaki umechelewa. Tazama mshipi pale unapoingia majini, si samaki."

Siku ya tatu nilidhani nitaachwa gatini. Nikakuta viatu vyangu vimewekwa kando ya ngazi pale nilipoviacha, na Nahodha hakusema lolote isipokuwa kwamba bahari ingechafuka mchana. Ikachafuka kweli. Tulipata sulisuli mmoja, mapambano ya dakika 12, na mikono yangu yote miwili ilibaki kwenye mgongo wa kiti imekaza hivi kwamba vidole viliuma mpaka usiku. Sijui yule sulisuli alikuwa na rangi gani. Niliutazama mshipi tu.

Saa 9 na nusu redio ikatangaza: ondoeni mishipi. Tulimaliza wa 7.

Gatini, wengine walipokwenda kwenye matokeo, sisi tulibaki kuosha chumvi, maana chumvi hula rili haraka kuliko samaki yeyote. Baharia mkuu aliniletea bomba la maji baridi. Mama akaichomoa ile fimbo kwenye kikombe cha kiti, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Sasa ishike," akasema.