Jinsi nilivyowatoa dumuzi na fukusi kwenye mahindi yangu

Mahindi huanza kuliwa kabla hujaona kitundu hata kimoja. Fukusi jike hutoboa kishimo kidogo kwenye punje, hutaga yai moja humo, kisha huziba kishimo kwa ute unaokauka na kuwa mgumu. Buu hukulia humo humo ndani, na kwenye joto la nyuzi 27 hivi mdudu mzima hutoka baada ya wiki tano au zaidi kidogo. Kile kitundu unachokiona ni mlango aliotokea. Wakati huo kizazi kingine kiko tayari ndani ya punje ambazo kwa macho ni nzima kabisa. Hilo ndilo lililoniongoza nilipoamua kuyalinda mahindi yangu: nianze kwa kuwagundua, mengine yafuate.

Kwanza nilitaka kujua napambana na nani. Nilichukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji cha kutolea punje guniani, nikachoma magunia juu, katikati na chini, kwa sababu wadudu hawajitawanyi sawasawa, na gunia lililo safi juu linaweza kuwa limeoza chini. Sampuli niliipitisha kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2 hivi juu ya karatasi nyeupe. Kilichoanguka ndicho kilichonipa majibu. Fukusi unamjua kwa mkonga wake mwembamba uliotokeza mbele, na ukimtazama kwa lenzi unaona madoa manne mekundu yaliyofifia mgongoni. Dumuzi hana mkonga. Ni mweusi wa kahawia, mwili umeviringika kwa urefu kama kipande cha fito, urefu wa milimita 3 hadi 4 na kitu, na ukimtazama kutoka juu kichwa chake hukioni kwa sababu kimefichwa chini ya kifua. Nyuma ameishia ghafla, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Sehemu hiyo ya nyuma ndiyo inayomtofautisha na mdogo wake, dumuzi mdogo wa nafaka, ambaye nyuma yake ni mviringo laini.

Ishara nyingine ya dumuzi ni unga. Fukusi huacha vitundu na vumbi kidogo, lakini dumuzi husaga punje kuliko anavyokula, na karatasi yangu ilijaa unga mweupe wa kutosha kuchota kwa kijiko. Ndani yake walikuwamo pia mbawakavu wekundu wa unga. Hao sikuwahangaikia sana. Punje nzima hawaiwezi, hula punje zilizovunjika na unga ulioachwa na wengine, kwa hiyo ukimwondoa dumuzi umewanyima riziki na hao.

Kwa nini nilimwogopa dumuzi kuliko wote? Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huko ana maadui wanaompunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tanzania, akajulikana kwanza upande wa Tabora, na miaka michache baadaye akaonekana Togo. Kote alikofika alikuta mahindi na mihogo mikavu bila adui yeyote wa kumkabili, na mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache yaliweza kupoteza hata theluthi ya uzito. Watafiti walimfuata adui wake huko huko kwao, mbawakavu mdogo mweusi anayeitwa Teretrius nigrescens, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia, ila hakummaliza. Dumuzi kwa asili ni mtoboa miti na huweza kuishi porini ndani ya matawi makavu, mbali na ghala lolote. Ndiyo maana nikisema nimewatokomeza, nina maana ya ndani ya ghala langu. Nje wapo, na kazi ni kuwazuia wasirudi.

Jambo moja kwenye utafiti huo lilinifaa sana. Dumuzi dume akipata mahindi mazuri hutoa harufu inayowaita wenzake, wa kike na wa kiume. Wanasayansi waliitambua harufu hiyo, wakaitengeneza maabara, na leo huwekwa kwenye mitego. Mtego hauwamalizi, na sikuutegemea kwa hilo. Kazi yake ni kutoa taarifa: nikiona wameanza kuingia mtegoni najua wanaruka msimu huo, na ukaguzi wa magunia nauongeza.

Kwa wale waliofichika ndani ya punje, maabara zina njia zake. Kuna picha za eksirei, kuna vinasa sauti vinavyosikiliza mabuu yakitafuna, na kuna rangi ya asidi fuksini inayofanya kile kizibo cha yai la fukusi kionekane chekundu. Mimi nilitumia njia mbili ambazo yeyote anaweza. Ya kwanza ni maji: unamwaga punje kidogo kwenye ndoo, unakoroga, na zilizoliwa ndani huelea. Zipasue chache kwa kisu uone kilichomo. Si kipimo kamili, maana punje nyepesi kwa sababu nyingine nazo huelea, lakini kinakupa picha kwa dakika chache. Ya pili ni chupa. Nilichekecha sampuli mpaka isibaki na mdudu hata mmoja, nikaitia kwenye chupa ya kioo, nikafunga mdomo kwa kitambaa chepesi na kuandika tarehe. Punje zile zilionekana safi kiasi cha kuzitamani. Baada ya wiki kadhaa fukusi walikuwa wanatambaa juu ya kioo. Kwa kweli hakuna kilichonishawishi kama chupa ile, na mpaka leo ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote.

Mapambano yenyewe yalianzia shambani. Fukusi na dumuzi huruka wenyewe kufuata mahindi yaliyokauka yakiwa bado yamesimama, kwa hiyo kuyaacha muda mrefu baada ya kukomaa ni kuwakaribisha. Nilivuna mapema, na wakati wa kumenya nikayachambua hindi moja moja kwa ajili ya magonjwa pia. Kazi hii inachosha, na naiona ndiyo ya maana kuliko dawa yoyote. Ukungu mweupe mzito unaoanzia kwenye kitako cha hindi na kupanda katikati ya mistari ya punje ni ugonjwa mmoja. Ukungu mweupe unaoelekea waridi, uliotawanyika punje hapa na pale, mara nyingi palipopita funza, ni mwingine. Ninaouogopa zaidi ni ule wa kijani kibichi kinachoelekea njano, unaoonekana mara nyingi kwenye ncha. Huo ni wa kuvu aina ya Aspergillus flavus, anayetengeneza aflatoksini, sumukuvu inayoharibu ini.

Sumu hiyo ilijulikana baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, wakiwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi, na dawa ya wadudu haiigusi. Wadudu wenyewe huiongeza, maana punje iliyotobolewa ni mlango wazi kwa kuvu, na pumzi za wadudu wengi pamoja hulipasha joto gunia na kulitia unyevu. Kwa hiyo ugonjwa wa shambani na mdudu wa ghalani sikuvitenganisha. Mahindi yaliyoota ukungu sikuyapukuchua pamoja na mazima, wala sikumpa mfugo yeyote.

Kisha kukausha. Nilianika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, nikigeuza mara kwa mara na kufunika kabla ya umande. Shabaha ni unyevu usiozidi asilimia 13. Kipimo cha chumvi kinajulikana: unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu ya kioo, unatikisa vizuri, unaacha kama robo saa, na chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado ni mabichi. Tatizo ni kwamba chumvi huacha kuganda unyevu ukifika karibu asilimia 15, na 15 si 13. Anayefunga mahindi siku ile ile chumvi ilipoacha kuganda anafunga maji ndani. Mimi niliendelea kuanika, kisha nikatumia haigromita ndogo, yaani kifaa cha kupima unyevu wa hewa. Unaifungia pamoja na punje kwenye mfuko wa plastiki, kivulini, unasubiri dakika kama 15, na unyevu wa hewa humo ukisomeka chini ya asilimia 65 mahindi yamekauka vya kutosha. Ni kifaa kidogo na rahisi kutumia, na sioni kwa nini kisiwepo kwenye kila ghala.

Ghala nililisafisha huku mahindi mapya yakiwa bado nje. Hapa dumuzi anahitaji umakini wa pekee kwa sababu hujificha ndani ya mbao. Niligonga nguzo na fito moja moja. Palipotoka unga nikabadilisha mti. Magunzi ya zamani yote nilichoma moto, magunia yaliyotumika nikayachovya kwenye maji yanayochemka na kuyaanika, nyufa za ukuta nikaziziba. Mahindi ya zamani hayakukutana na mapya hata kwa saa moja.

Yale yaliyokuwa na wadudu tayari, na ambayo hayakuwa na ukungu, niliyachekecha, nikayapepeta, kisha nikayatandaza kwa tabaka jembamba juu ya plastiki nyeusi na kufunika kwa plastiki angavu juani. Joto humo likipita nyuzi 50 mayai, mabuu na wadudu wazima hufa pamoja. Nilihakikisha kwa kipimajoto kilichochomekwa katikati ya punje, maana juu huwa moto wakati chini bado pamepoa.

Ndugu yangu aliniuliza, “Kaka, si uweke vile vidonge vya gesi tu yaishe?” Nilimkatalia. Vidonge vya fosfidi ya alumini vikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, gesi inayoua watu kama inavyoua wadudu, na hupenya kutoka chumba hadi chumba. Ni kazi ya wenye mafunzo, chini ya maturubai yasiyopitisha gesi, mbali na mahali watu wanapolala. Tena gesi ikivuja, wadudu hupata kiasi kisichowaua, na ndivyo aina sugu zilivyozaliwa sehemu nyingi duniani.

Nilichochagua kwa mahindi ya kukaa muda mrefu ni mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki nzito ndani na mmoja wa kusukwa nje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walianza kuiunda mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Kameruni kwa ajili ya kunde. Namna inavyoua ndiyo iliyonivutia. Wadudu na punje zenyewe hutumia oksijeni iliyobaki ndani mpaka ikashuka sana, na hapo wadudu huacha kula na kuzaana. Mdudu anayeishi kwenye nafaka kavu hana maji ya kunywa. Sehemu kubwa ya maji yake huyatengeneza mwilini akitumia oksijeni kuunguza chakula. Ukimnyima hewa umemnyima na maji, naye hukauka.

Kabla ya kujaza nilipuliza hewa kila mfuko wa plastiki, nikausokota mdomo na kuubana karibu na sikio kusikiliza kama unavuja. Nilijaza kidogo kidogo nikishindilia, nikatoa hewa ya juu, nikasokota mdomo wa kila tabaka peke yake, nikaukunja na kuufunga kwa mpira wa tairi. Mifuko ikakaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wakatafutiwa mitego mapema. Dumuzi huweza kutoboa plastiki, na hiyo ndiyo sababu nilitia humo mahindi yaliyokwisha kuchekechwa tu.

Mfuko unaofunguliwa kila mara hauna faida, kwa kuwa hewa hurudi. Mahindi ya matumizi ya karibu niliyawekea dawa ya unga yenye viambato viwili, pirimifosi-methili na permethrini. Lazima viwe viwili: cha kwanza kinamweza fukusi lakini kwa dumuzi ni dhaifu, cha pili ni kinyume chake. Na lazima mahindi yawe yamepukuchuliwa, kwa sababu dumuzi aliyejichimbia kati ya punje na gunzi hakutani na dawa. Kipimo nilifuata cha kwenye pakiti, tarehe ya mwisho nikaisoma, pua na mdomo nikafunika, na muda ulioandikwa kabla ya kula nikauheshimu.

Miezi ilipopita nikafungua mfuko wa kwanza. Punje zilikuwa na rangi ile ile, unga hakuna, na kwenye chekeche walianguka fukusi wachache wakavu waliovunjika kwa kuguswa. Nilichukua sampuli na kuirudisha kwenye chupa yenye kitambaa, nikasubiri muda wa kutosha kizazi kizima kutokeza. Hakutoka mdudu. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza vizuri, kwa maana yale mahindi ni jasho la msimu mzima.

Mbegu naziweka kando. Sizipitishi kwenye plastiki ya jua kwa sababu joto lile huweza kuua kiini, wala sizichanganyi na mahindi ya kula. Hukaushwa kivulini zaidi ya mahindi mengine, hujazwa mpaka juu kwenye vyombo vidogo visivyopitisha hewa, na kabla ya msimu napanda punje chache kwenye kitambaa chenye maji kuona ngapi zinaota.